Mpaka wa jiji na lango la tozo vichorwe kwenye ramani moja

Mhariri,

Nimefanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kuogopa siku mbili. Ya kwanza ni siku watu wa mradi wa barabara wanapopita wakitia alama kwenye kuta za nyumba. Ya pili ni siku ramani mpya ya jiji inapobandikwa ubaoni, na mstari uliokuwa ng'ambo ya mto umehamia huku kwetu. Siku hizo hupishana kwa miaka, na kila moja ina ofisi yake, wataalamu wake na mkutano wake wa hadhara. Ukiuliza habari za tozo ya kupita barabarani kwenye mkutano wa mpaka, utaambiwa hiyo si ajenda ya leo. Ukiuliza habari za mpaka kwenye mkutano wa barabara, jibu ni hilo hilo.

Mimi nasema ni jambo moja, na kulikata vipande viwili ndiko kunakowezesha mtu wa viungani alipishwe mara mbili bila kuulizwa hata mara moja.

Mambo huenda hivi. Jiji likijaa, pango la katikati hupanda, na watu husogea nje kutafuta kiwanja wanachokimudu. Wakishahamia huko, barabara iliyopo huzidiwa. Hazina haina fedha, basi anatafutwa mwekezaji ajenge barabara ya kasi na kujirudishia fedha zake kwa tozo. Lami haijapoa, mashamba yaliyo karibu na makutano yameshageuka viwanja. Mengine nimeyapima kwa mikono yangu. Baada ya miaka michache kuna maduka, shule na vituo vya mafuta, na hapo ndipo jiji hukumbuka kwamba majirani hao ni ndugu zake. Undugu huo haukuonekana walipokuwa wakijichimbia visima na mitaro yao wenyewe.

Mfano ninaourudia kila ninapobishana na wenzangu uko kusini mwa California. Mwaka 1995 kampuni binafsi ilifungua njia nne za kulipia katikati ya barabara kuu namba 91, kilomita 16 hivi, ndani ya kaunti ya Orange. Wateja wake wengi walikuwa wakazi wa kaunti jirani ya Riverside, waliofuata huko nyumba za bei nafuu na kurudi Orange kila asubuhi kufanya kazi. Kihandisi ilikuwa kazi safi: hakuna kibanda wala mlinzi, gari linasomwa likiwa mwendoni, na tozo inapanda na kushuka kufuatana na saa za msongamano. Ubaya ulikuwa kwenye karatasi. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoizuia serikali ya jimbo kupanua njia zisizolipiwa ndani ya maili moja na nusu kila upande, na kifungu hicho kilitakiwa kidumu hadi mwaka 2030. Kwa maneno mengine, foleni ya kwenye njia za bure ndiyo iliyokuwa bidhaa ya kampuni, na yeyote ambaye angeipunguza angekuwa anamharibia mtu biashara. Jimbo lilipotaka kuongeza njia kwa sababu za usalama, kampuni ilikwenda mahakamani. Mwisho wake, mwaka 2003, mamlaka ya uchukuzi ya Orange ilizinunua njia zile kwa dola milioni 207.5, ilhali kuzijenga kuligharimu milioni 130 hivi. Kizuizi kikaondoka. Fedha za umma zilitumika kununua ruhusa ya kutengeneza barabara ya umma.

Serikali ya kaunti ya Riverside haikuwa na saini kwenye mkataba ule. Foleni ndiyo ilikuwa ya watu wake.

Huko Kanada mambo haya mawili yalifanywa na serikali moja, karibu kwa pumzi moja. Mwaka 1997 wakazi wa miji sita iliyokusudiwa kuunganishwa iwe Toronto moja walipiga kura ya maoni, na zaidi ya robo tatu ya waliopiga wakakataa. Serikali ya jimbo la Ontario iliiunganisha vivyo hivyo, kuanzia Januari 1, 1998. Mwaka 1999 serikali hiyo hiyo ikaikodisha barabara namba 407, inayopita kaskazini mwa jiji kwenye miji ya viungani, kwa dola za Kanada bilioni 3.1. Muda wa mkataba ni miaka 99! Mtoto aliyezaliwa siku ya kusainiwa atakuwa amezeeka kabisa utakapokwisha. Serikali iliyofuata ilijaribu kuzuia tozo isipande, ikakuta mkataba umemwachia mwendeshaji uhuru mpana wa kupanga bei, ikashindwa. Na dereva mwenye deni sugu la tozo hakubaliwi kuhuisha usajili wa gari lake, kwa hiyo serikali yenyewe ndiyo iliyogeuka mkusanyaji wa madeni ya kampuni.

Houston, huko Texas, ilikwenda kwa ujanja mwingine. Sheria iliiruhusu kuchukua vipande vya biashara tu kando ya barabara, ikavuna kodi ya mauzo madukani na kuziacha nyumba zilizo nyuma ya maduka hayo nje ya mpaka. Ramani yake ukiitazama kwa jicho la mpimaji inachekesha: mizizi mirefu myembamba inayofuata lami na kukwepa vitanda vya watu. Kabla ya hapo, mwaka 1996, jiji hilo lilikuwa limeshakimeza kitongoji cha Kingwood na wakazi wake wakipiga kelele. Malalamiko ya namna hiyo yalichangia bunge la Texas kubadilisha sheria mwaka 2017 na tena 2019, hata leo jiji kumeza eneo bila ridhaa ya walio ndani yake ni jambo gumu sana.

Najua jiji litajibu nini, na lina haki ya kujibu. Anayelala nje ya mpaka hutumia taa, zimamoto na hospitali za jiji mchana kutwa, kisha kodi ya jengo lake analipa kwingine. Tena barabara ya bure haijawahi kuwa bure. Usipoilipia kwa kodi ya mafuta utailipia kwa springi za gari. Kwa hiyo sipingi tozo, wala sipingi jiji kupanuka. Nimewaona watu waliokaa miaka bila maji ya bomba wakalipata bomba baada ya mpaka kusogea, na hawakuulilia mpaka wa zamani. Ninachopinga ni mpangilio wa saini: mkataba kwanza, watu baadaye.

Hata wanaosifiwa hawakulimaliza tatizo hili. Mwaka 2006 Stockholm, huko Sweden, ilijaribu tozo ya kuingia mjini kwa miezi saba, watu wakaiona foleni ikipungua kwa macho yao, kisha jiji likaitisha kura. Wakazi wa jiji wakakubali. Halmashauri kadhaa za jirani nazo ziliitisha kura zao, na huko wengi wakakataa. Tozo ilirudi mwaka 2007, safari hii ikiwa ya kudumu. Naisifu Stockholm kwa kujaribu kabla ya kuamua, jambo ambalo ni nadra, lakini wa nje ya mstari walibaki na kura isiyo na meno.

Watu wakikosa kura yenye meno, hujitafutia nyingine. Jimboni Gauteng, Afrika Kusini, tozo za kielektroniki zilianza Desemba 2013. Madereva wengi hawakulipa, bili zikarundikana mwaka baada ya mwaka, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa. Deni la ujenzi halikuzimwa pamoja nayo.

Wanaopanga barabara na mipaka ya miji wanaweza kuanza na jambo dogo ambalo halihitaji hata sheria mpya: ramani moja. Juu yake uchorwe mpaka wa leo, mpaka unaotarajiwa mkataba ukiwa bado hai, na kila lango la tozo. Wasiowahi kushika kazi hii hawajui jinsi lango likisogezwa kilomita mbili linavyoamua nani atapita bure kwenda kazini na nani atalipa asubuhi na jioni kwa miaka 30. Ramani hiyo ikishaonekana, walio ndani ya mpaka mpya wapige kura juu ya mambo yote mawili kabla ya wino kugusa mkataba. Mkataba wenyewe uwekwe wazi, pamoja na viambatisho, maana huko ndiko vifungu vyenye sumu hupenda kulala. Tukiletewa muhtasari wa kurasa nne wenye picha za magari yanayong'aa, tutakuwa tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nanyi wahariri nina ombi kwenu. Siku mtakapoupata mkataba wa barabara ya namna hii, tafuteni kwanza kifungu kinachosema nini kitafanyika kwa barabara ya zamani, ile isiyolipiwa. Kichapisheni chote, neno kwa neno, ukurasa wa mbele. Picha ya mheshimiwa akikata utepe inaweza kusubiri ukurasa wa ndani.

Mpimaji ardhi, mkazi wa nje kidogo ya mpaka