Mamdogo hakukosea kitu

Assalam alaykum shoga'angu,

Voisi yako nimeisikiliza. Hilo la jirani eti mamdogo hakufata masharti ndo maana kimo (kemotherapi, dawa za saratani) imeacha kumfanyia kazi, lifute kabisa, wallahi yananikera maneno hayo. Saratani yenyewe ina njia zake za kuikataa dawa na moja inajulikana tangu 1976, Juliano na Ling kule Kanada waliiona protini inayokaa kwenye utando wa seli, inaitwa P-glaikoprotini, dawa ikiingia tu yenyewe inaitoa nje mbio mbio kama wavuvi wanavyokumba maji ngarawa ikivuja. Tena haitoi dawa moja tu, ikishakuwa nyingi inatoa dawa za saratani aina kadhaa, inatoa doksorubisini, inatoa pakilitakseli, hata dawa ambayo mgonjwa hajaanza kupewa. Ukisema basi waongeze dozi, ile doksorubisini, ile dawa nyekundu, ikizidi inadhuru moyo.

Sasa hiyo dawa ya nano, yaani ya vijichembe vidogo mno, uloiona TikTok. Si uongo, ila wameipamba mno. Dawa inafungwa kwenye kijifuko cha mafuta, lipozomu, ukubwa nanomita 100 hivi, halafu mishipa ya damu ya uvimbe huwa ina matundu matundu (Maeda na Matsumura wa Japani waliandika hayo 1986) basi vijifuko vinapenya pale vinabaki. Vyengine vinavishwa folati (aina ya vitamini) au kingamwili vipate kuinasa seli yenyewe ya saratani, seli inakimeza kijifuko chote na dawa inakuja kufunguka ndani huko, mbali na ile pampu ya kwenye utando. Kuna na wanaopakia dawa pamoja na RNA, vipande vidogo vya kuizima jeni inayotengeneza hiyo pampu, hii ndo naipenda miye, lakini nyingi bado ziko maabara na kwa panya.

Iliyopo hospitali kweli ni kama Doxil, Marekani waliipitisha 1995. Ni doksorubisini ile ile ndani ya lipozomu, moyo unapata nafuu lakini viganja na nyayo zinaweza kuchubuka, na haina hiyo folati wala kingamwili ya kuinasa seli. Halafu 2016 wataalamu walikusanya tafiti za miaka 10, wakakuta inayofika kwenye uvimbe ni kama asilimia 0.7 tu ya dozi, nyingi inaishia kwenye ini na wengu. Chini ya moja! Na hao ni wanyama wa maabara.

Kwa hiyo huyo anayeuza kapsuli za nano kwenye grupu la WhatsApp msimpe hata shilingi, hizi dawa zinaingia kwa dripu.

Mkivuka kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mwezi ujao muulizeni daktari kama ipo dawa ya kundi jengine kabisa, na kama ya lipozomu inamfaa kwa saratani yake, na moyo wake umepimwa lini. Nipigie picha ile karatasi ya dawa alizokwisha pewa unitumie leo leo, na mamdogo mpe salamu zangu, mwambie ajitahidi kula hata uji.