Bwana Msa naye ni fasihi

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya kongamano, yule mtaalamu aliposema riwaya za upelelezi ni za kupotezea wakati na zisichanganywe na “riwaya za dhati”, nimeshindwa kuinyamazia.

Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi za Bwana Msa, ni mtoto wa Makunduchi, Unguja. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya 1957–58, ikatoka kitabu 1960, Mapinduzi bado. Maiti inakutwa mzimuni, watu wameshaingiwa na hofu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anakataa kutishika: anauliza nani kafaidika. Uroho wa mali, nasaba zilizofichwa, watu kuogopa wasichokichunguza. Kama hayo si mambo ya jamii yetu, basi nielezwe jamii ni ipi.

Mjukuu wangu, msichana wa kidato cha pili hapa Wete, alikuwa hashiki kitabu ila cha mtihani. Nikampa nakala yangu ya zamani ya Mzimu huo, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Umeme ukikatika anasoma kwa tochi ya simu, mama yake anagomba, yeye anaomba ukurasa mmoja tu. Akakichukua skuli, akawa anakisoma wakati wa mapumziko. Mwalimu akamnyang'anya, akakirudisha jioni na wino mwekundu ukurasa wa kwanza: “Tusome vitabu vya maana.” Mtoto kaona haya, hakukigusa tena. Mtu mzima kamkata mtoto hamu ya kusoma, na anaamini kamfunza fasihi!

Sasa anasoma nini? Miongozo. Madukani imejaa, maswali na majibu tayari, wahusika na dhamira zimeorodheshwa. Riwaya yenyewe, hata hiyo ya dhati, mpaka umwagizie mtu Unguja akuletee na boti. Watoto wanafaulu mtihani wa kitabu wasichowahi kukifungua, na hilo kongamano halikuliona.

Nashauri kila skuli iwe na rafu moja tu ya riwaya, zipangwe kwa majina ya waandishi, bila kibandiko cha dhati wala pendwa, yaani za burudani. Na kila Alkhamisi, kipindi cha mwisho, mwalimu wa Kiswahili awasomee wanafunzi sura moja ya Bwana Msa kwa sauti mpaka kengele ilie, wala asiwaambie muuaji ni nani.

Msomaji wako,
Wete, Pemba