Kabla sijakutumia video za fimbo

Los Baños, Laguna, Ufilipino
Jumapili usiku

Ndugu yangu Salimu,

Asalaam aleykum. Mie mzima, alhamdulillahi, ila mvua ya huku haina huruma na nguo zangu zina siku tatu kambani hazijakauka. Najua nimekukalia kimya tangu Ramadhani na najua umeudhika, Mwanaisha kanieleza. Radhi nitakuomba vizuri nikifika, kwa mdomo. Leo nina jambo limenikaa kooni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza sikusikia kitu ila habari ya Athumani kukatwa panga, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za bweni. Mishono 17 kwa sababu ya simu! Nashukuru Mungu vidole anavikunja. Mara ya pili ndipo nikakusikia mwishoni unaniomba nikutumie video za sinawali, uwafundishe vijana wa mtaa pale uwanjani baada ya laasiri, wasikatwe tena. Salimu, video ninazo, simu imejaa. Sijakutumia, na ndiyo maana naandika. Ningekupigia ungenikatiza kabla sijafika nusu.

Nataka kwanza uelewe unachokiomba. Ile video ya mwaka jana uliyosema inafanana na ngoma, hukukosea. Sinawali ni zoezi la arnis, sanaa ya mapigano ya fimbo ya huku: watu wawili, kila mmoja na fimbo mbili za henzerani zenye urefu wa sentimita 70 hivi, zinagongana juu, chini, juu, kwa mpangilio ambao wote wawili wanaujua. Jina limetokana na sawali, kuta za mianzi iliyopasuliwa na kusukwa, ambazo bado utaziona kwenye nyumba za mashambani huku. Mkumbuke Bi Zaina akisuka ukili barazani, mikono inakwenda na macho yako kwa wajukuu. Ndivyo ilivyo. Ukizoea, hufikiri tena. Fimbo zikigongana kwa kasi kwa muda mrefu, henzerani inatoa harufu ya kuungua, kweli kabisa, na nyuzi zake zinaanza kuchambuka kama katani. Mie nimependa kitu hiki, Salimu. Kila Jumamosi alfajiri niko chini ya miti mikubwa ya chuo, mlima Makiling umejifunika mawingu nyuma yetu, na sijisikii mgeni.

Baada ya miezi minane nilijiona nimeiva. Nisikilize hapa.

Mzee wetu, sisi twamwita Tatang, kama vile wewe unavyomwita mtu mzima baba, akatuambia tuje na fulana nyeupe. Akanipa fimbo moja. Kijana mmoja wa miaka 19, anasomea misitu, akampa kalamu ya wino mwekundu, ile nene ya kuandikia ubaoni. Akamwambia hii ndiyo kisu, mfuate utakavyo. Yule kijana hakuja kwa pembe ya kwanza wala ya pili, yaani zile njia za pigo tunazozihesabu kwa namba, hakuja kwa mpangilio wowote niliofundishwa. Alikuja akichoma haraka haraka kama mtu anayeshona gunia, mkono wake wa pili umenishika fulana. Mie nilikuwa nasubiri mdundo. Mdundo haukuja. Sekunde kumi, labda kumi na mbili, Tatang akapiga makofi, basi. Nilikuwa na mistari 11 mikononi na mmoja chini ya sikio.

Tatang hakucheka. Akaweka kidole kwenye mstari wa ndani ya kifundo cha mkono, akasema hapa fimbo yako imeshaanguka. Akaweka kwenye kiwiko, mkono huu haunyanyuki tena. Alipofika shingoni hakusema neno, akatikisa kichwa. Nilijisugua kwa sabuni usiku ule na ule wa shingoni haukutoka mpaka Jumanne, watu wa maabara wakiniuliza nimepatwa na nini.

Sasa na wewe unataka niwape sinawali vijana wa Kisauni waende nayo mbele ya panga.

Na tena panga hasa. Huku wanaliita bolo, na ni lile lile, la kufyekea na la kupasulia madafu. Watu wa visiwa hivi wanalijua panga kuliko sisi. Leo Giron, Mfilipino aliyekuwa askari wa jeshi la Marekani, alipigana na Wajapani misituni Luzon kwa bolo wakati wa Vita vya Pili, halafu akaishi Stockton, Kalifornia, akafundisha. Mtindo aliouweka mbele ni larga mano, yaani mkono mrefu. Kaa mbali. Upige kile kinachokufikia kwanza, ambacho ni mkono ulioshika silaha, na mwili wako usiwepo. Huku wanasema ni kumng'oa nyoka meno. Yule mtu alijua nini kinamrudisha mtu kambini mzima.

Na hapo ndipo penye jambo lililonisumbua wiki nzima. Zamani mafunzo yalikuwa hivyo hivyo, fimbo inalenga mkono wa mwenzako. Wanafunzi wakawa wanavunjika vidole, wanavimba vifundo, wanaacha. Vijana wakakimbilia karate na judo. Miaka ya 1960 akatokea Remy Presas, mtu wa kisiwa cha Negros, aliyekuwa amejifunza kwa watu wa kisiwa cha Cebu, akaamua kwenye mazoezi fimbo ipige fimbo badala ya mkono. Sanaa ikafufuka. Ikaingia shuleni, ikavuka bahari, na mwaka 2009 Wafilipino wakaitungia sheria kuwa ndiyo mchezo na sanaa ya mapigano ya taifa lao. Bila uamuzi ule pengine mie nisingeona fimbo hata moja hapa chuoni.

Lakini tazama gharama yake. Ukipiga fimbo mara elfu, mkono wako unazoea kuitafuta fimbo. Siku ya siku, mtu akija na panga, jicho lako linafuata chuma ukakigonge, wakati ulitakiwa upige vidole na uondoke. Kitu kilichotuokoa vidole ndicho kinachoweza kutuponza. Nimemwuliza Tatang, akaniambia ndiyo, najua, ndiyo maana nilikupa wino.

Huko Cebu kwenyewe mambo haya yaliwagawa. Klabu ya Doce Pares ilianzishwa mwaka 1932, ikakusanya mabingwa wa kila namna. Ilipofika 1952 Venancio Bacon na wenzake wakajitenga, wakafungua yao Mtaa wa Balintawak, Bacon akifundisha fimbo moja tu, karibu kwa karibu, hakuna mapambo. Na hata leo kwenye mashindano kuna anyo, ambayo ni kuonyesha miondoko peke yako mbele ya waamuzi, na kuna mapigano ya kuvaa kofia na kinga. Kwa hiyo wasikudanganye kwamba wenyewe wameshamaliza ubishi.

Usinielewe vibaya lakini. Sisemi sinawali ni upuuzi. Baada ya siku ya wino nilikasirika nikataka kuitupa, nikamwambia Tatang nifundishe kupigana tu. Akanikubalia, nahisi alitaka nione mwenyewe. Wiki tatu tulifanya miguu na mkono, miguu na mkono, yule wa misitu na kalamu yake. Mistari ikashuka ikawa minne, siku njema miwili. Haikufika sifuri ila siku moja tu nilipogeuka nikatimua mbio mpaka kwenye mti, na Tatang akanipigia makofi siku ile kuliko siku zote. Ila kuna kitu nilikiona. Mara moja fimbo ilinitoka, na mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe ukamsukuma kiwiko nikapata nafasi ya kutoka. Sikuufundisha wiki zile tatu. Ulijifunza kwenye sinawali, miezi minane ya kusuka, kwamba mkono mmoja ukifanya kazi wa pili haulali.

Na kuna vijana watatu walikuja kwetu mwezi wa pili, walikuwa wameibiwa walikopanga. Hawakutaka sinawali, walitaka kupigana leo leo. Walipigana. Mmoja alivunjika kidole, na kabla mwezi haujaisha hatukuwaona tena. Uzuri ndio unaomleta mtu Jumamosi ya mia. Sijui nikuelezeje zaidi ya hivyo.

Halafu ungemwona Tatang kwenye carenza. Ni mtu peke yake na fimbo yake, hakuna mdundo wa mtu mwingine, anazunguka uwanjani. Goti lake moja bovu, analikunja kwa taabu. Mwanzo niliona mzee anacheza. Siku niliyokaa karibu nikaona kila hatua ina mtu. Anainama kwa sababu kuna kitu kimepita juu. Anarudi nyuma nusu hatua, fimbo inashuka pale pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa. Nikakumbuka kirumbizi, ile ngoma ya bakora, Lamu, harusi ile ya Langoni, zumari inalia na Ami Shee kaingia na bakora yake. Unakumbuka alivyokuwa ananesa bega tu, bakora ya mwenzake inapita? Sote twashangilia. Wala hatukujiuliza kama ni ngoma au ni vita. Mie nadhani yeye alikuwa na vyote viwili kwenye bega moja, na amekaa nalo miaka arobaini.

Vijana wako hawana miaka arobaini. Ndiyo hofu yangu, narudi pale pale. Mtoto wa miaka 16 akijua sinawali kwa miezi miwili, watu wakampigia vigelegele uwanjani, atajiona ana kinga. Atabaki barabarani sekunde tatu zaidi ya alivyotakiwa kubaki. Athumani hakukatwa kwa kukosa sinawali. Umesema mwenyewe alinyanyua mkono kujikinga, kama ambavyo mtu yeyote angenyanyua, na miguu ikabaki pale pale. Ni miguu ndiyo ingemsaidia, na kuitupa simu upande mmoja akakimbilia upande wa pili.

Kwa hiyo nakuomba ufanye hivi, nami nitakutumia kila kitu. Anza na mbio. Nasema kweli, kukimbia kutoka alipo mtu mwenye silaha, kupiga kelele, kujua duka lipi lina taa. Halafu umbali: funga sponji kwenye bomba la plastiki liwe ndilo panga, mmoja ajaribu kumgusa mwenzake, na mwenzake asiguswe, bila fimbo kabisa. Wiki mbili za hayo tu, hata wakichoka wakalalamika. Ndipo uwape fimbo moja, wapige mkono unaokuja, na mikono ivae glavu nene za kazi. Wachorane kwa wino. Mnunulie kila mmoja fulana nyeupe ya mtumba, nitachangia. Mistari ile itasema nao vizuri kuliko wewe na mimi.

Na sinawali uwape pia. Dakika kumi mwanzoni, wakiwa wabichi, na kama Kombo bado ana ngoma zake mwite aje apige. Wacha wafurahi. Uwaambie tu wazi kwamba hii ni ya kuuamsha mkono, na ile nyingine ni ya kurudi nyumbani. Usizichanganye majina. Na tafadhali, fimbo zibaki kwako, zifungiwe. Kijana akitembea na fimbo usiku pale mtaani siku hizi, askari hatamwuliza kama anajifunza sanaa ya Ufilipino.

Nina mengi mengine, utafiti wa mpunga umenielemea na msimamizi wangu anataka takwimu upya, lakini hayo ya baadaye.

Sasa nijibu. Athumani analala usiku? Si maumivu ninayouliza, nauliza kama anashtuka. Anaweza kushika kijiko? Nani anamfunga vidonda, bado ni yule dada wa zahanati? Mama yake ameshajua ukweli au bado mwamwambia alianguka na pikipiki? Uwanja una taa, au mtamaliza kabla ya magharibi? Wamejiandikisha wangapi, na wasichana wamo? Wasichana waulize wao wenyewe wanaogopa nini na wapi, maana pengine si panga. Na ile bakora ya Ami Shee ya henzerani, yenye pete ya fedha, iko kwa nani tangu afariki? Kama iko kwenu, nipigie picha ya mpini. Nataka kumwonyesha Tatang.

Msalimie Athumani. Mwambie nitamtumia ujumbe wa peke yake kesho, nikipata maneno.

Ndugu yako,
Mahadhi