Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2025: Kiti cha Bodi na Mkataba wa Wanahisa

Ndugu wanachama,

Februari mwaka huu Soraya Hakuziyaremye aliteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Rwanda, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Yvonne Makolo alianza kuliongoza shirika la ndege la RwandAir mwaka 2018, na Diane Karusisi alishika uongozi wa Bank of Kigali mwaka 2016. Tunajivunia kila mmoja wao. Lakini tutazame nani mwenye mamlaka ya kuteua. Benki Kuu na shirika la ndege ni mali ya serikali, na miongoni mwa wanahisa wakubwa wa Bank of Kigali umo mfuko wa hifadhi ya jamii. Katiba inataka wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi vya nchi, na pale serikali inapoteua, mazoea hayo yameota mizizi.

Mahali ambapo mteuzi ni kampuni mama iliyo Nairobi au Johannesburg, sharti hilo halifiki. Na mtaji wa namna hiyo unazidi kuingia: KCB, benki ya Kenya, iliinunua benki ya BPR mwaka 2021, na Equity, nayo ya Kenya, ikaichukua benki ya Cogebanque mwaka 2023. Ni kweli kwamba kampuni ya simu ya MTN Rwandacell iliongozwa na Mitwa Ng'ambi, kisha Mapula Bodibe, lakini wote wawili waliletwa kutoka nje. Mwanamke Mnyarwanda aliyepanda ngazi ndani ya kampuni tanzu, yaani iliyo chini ya kampuni mama, bado hana njia iliyo wazi ya kufika juu. Ndiyo maana mwaka huu kamati yenu iliweka nguvu zake nyingi kwenye jambo moja: kuwasaidia wanachama kusoma mkataba wa wanahisa, yaani makubaliano ya wenye hisa wao kwa wao, kabla ya kukubali kiti au kuuza sehemu ya biashara.

Katiba ya kampuni husajiliwa na inasomeka. Mkataba wa wanahisa hukaa kabatini, na humo ndimo madaraka yalimo. Mjumbe anaweza kukaa kwenye bodi yenye watu saba, wanne wakiwa wenyeji, akadhani wana wingi. Kumbe bajeti, mikopo, uteuzi wa mkurugenzi mtendaji na uchaguzi wa mkaguzi wa nje vyote vinahitaji ridhaa ya mwanahisa mkubwa. Kura ya mjumbe huyo imebaki kwenye mambo madogo. Ombeni mkataba huo kwa maandishi kabla ya kusaini barua ya kukubali uteuzi. Mkinyimwa, hilo lenyewe ni jibu, na ushauri wangu ni kukikataa kiti.

Ukishaupata, anza na akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali. Kama kikao hakitimii bila mjumbe wa mwekezaji, basi kutohudhuria kwake ni kura ya turufu. Dawa yake ni kifungu kinachosema kikao kikikosa akidi kiahirishwe kwa siku saba, na kile cha pili kiendelee kwa waliopo. Kisha tazama makabrasha ya bodi yanatakiwa kufika lini. Hesabu zikiletwa usiku wa kuamkia kikao, hakuna atakayezikagua. Siku saba za kazi ndicho kiwango tunachopendekeza.

Kwa wanachama wanaomiliki kampuni zao, hatari kubwa ni kupunguzwa hisa. Sheria ya uwekezaji ya 2021 inatoa msamaha wa kodi ya mapato hadi miaka saba kwa uwekezaji wa angalau dola milioni 50, ambamo angalau asilimia 30 ni mtaji wa wenye hisa, si mkopo, katika sekta zilizotajwa. Hakuna biashara ya kawaida ya mwanachama wetu inayofikia kiwango hicho peke yake, kwa hiyo kishawishi cha kutafuta mbia mkubwa kipo. Chukueni mfano: kampuni ina hisa 1,000, wewe una 400, yaani asilimia 40. Katiba yenu inataka robo tatu ya kura kwa azimio maalum, yaani uamuzi mzito wa wanahisa, basi unaweza kulizuia. Zikitolewa hisa mpya 1,000 na mbia akazichukua zote, hisa zako ni zile zile 400, lakini sasa ni asilimia 20. Uwezo wa kuzuia umekwisha bila wewe kuuza hata moja. Kinga ni haki ya kwanza ya kununua hisa mpya kwa uwiano wako, pamoja na muda wa kutosha wa kutafuta fedha. Siku 14 hazitoshi kwa mtu anayetegemea mkopo wa benki, daini 60.

Faida nayo huweza kuondoka kabla ya kufika kwenye gawio, kupitia ada ya usimamizi na ada ya matumizi ya jina. Kikodi, ada hizo zinapolipwa kwa kampuni ndugu (ya kundi lile lile) isiyo mkazi wa Rwanda, sehemu inayozidi asilimia 2 ya mauzo haikubaliwi kama gharama, hivyo inatozwa kodi ya mapato ya asilimia 28 kana kwamba ni faida. Kampuni huumia mara mbili, na mwanahisa mdogo ndiye anayelipia. Mjumbe wa kamati ya ukaguzi aombe kila robo mwaka orodha ya malipo yote kwa kampuni ndugu, ikionyesha mkataba, huduma iliyotolewa na ushahidi wake. Ankara iliyoandikwa "huduma za kitaalamu" bila maelezo irudishwe.

Kuhusu kuazima jina: wapo wanaoombwa kuandikishwa kama wanahisa ili kampuni ionekane ya mwanamke au ya mwenyeji. Tafadhali msikubali. Sheria ya kampuni ya 2021 inataka mmiliki halisi atajwe, na aliyetia saini ndiye atakayeitwa kujieleza.

Nchi yetu ni ndogo, na watu wale wale hukutana kwenye bodi kadhaa. Mwenye kiti benki na kwenye kampuni inayokopa benki hiyo atangaze maslahi yake, atoke chumbani, na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Hesabu za chama atazisoma Mweka Hazina. Mwaka ujao kamati inakusudia kuandaa rasimu ya vifungu vya mfano kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, ikikaguliwa na mawakili. Wenye mikataba wanayoweza kutushirikisha wafute majina na viwango vya fedha, kisha wamkabidhi Katibu.