Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wazungumzao Kiswahili, Ottawa, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8

Ndugu Mgeni Rasmi,
Wazee wetu, akina mama, akina baba na watoto mliofika,

Shikamooni, na karibuni sana.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulikuwa na sababu moja tu ya kukuita wewe. Kati yetu sote tuliotoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa tukatia nanga katika mji huu, wewe ndiye uliyepanda ndege ukaenda Kaskazini ya Kanada kufanya kazi ya ukunga kwa Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko. Sisi wengine tuliwajua kwenye vitabu vya jiografia tu, kwa jina la Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalitaki. Wao hujiita Inuit, yaani watu.

Risala hii ilianzia kwenye benchi la kliniki. Msimu wa baridi uliopita mwenzetu mmoja aliketi karibu na binti mjamzito aliyeletwa kutoka kisiwa cha Baffin. Alikuwa na wiki ya tatu hapa mjini, analala kwenye nyumba ya kufikia wagonjwa, anasubiri uchungu. Mama yake yuko kijijini, mumewe yuko kijijini na mtoto wao wa kwanza. Mkononi alikuwa anashona kiatu cha mtoto cha ngozi ya sili, kidogo kama kidole gumba. Mwenzetu alirudi nyumbani analia. Kwetu mzazi halali peke yake. Yuko wa kumkanda kwa maji ya moto, yuko wa kumpikia uji wa pilipili manga, mpaka arobaini itimie.

Kwa miaka mingi Serikali imewahamisha wajawazito wa Kaskazini wiki kadhaa kabla ya kujifungua, kwa ajili ya usalama wao. Usalama hatuubezi, wapo kati yetu waliowazika ndugu waliofia uzazini. Lakini mwaka 1986, huko Puvirnituq katika Nunavik, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Quebec, akina mama walidai kuzalia kwao. Kituo kikafunguliwa, wanawake wa kijiji wakafundishwa ukunga papo hapo kazini, kwa lugha yao ya Inuktitut. Baadaye Inukjuak na Salluit wakafuata. Leo wanawake wengi wa pwani ile ya ghuba ya Hudson hujifungua wakiwa na mama zao mlangoni, na wanaosafirishwa ni wale ambao hali zao zinahitaji.

Ndugu Mgeni Rasmi, haki tunayoizungumzia leo ni hiyo: mwanamke wa Kiinuiti aulizwe kabla ya kuamuliwa.

Wainuiti wa Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, hawakuulizwa. Kati ya mwaka 1966 na 1970 madaktari wa Denmark waliwawekea kitanzi cha kuzuia mimba wanawake na wasichana wapatao 4,500, karibu nusu ya wote waliokuwa na umri wa kuzaa. Wengi hawakuridhia, na wengine hawakujua wamewekewa nini. Walikuwamo watoto wa shule. Naja Lyberth, aliyekuwa mmoja wao, alivunja ukimya mwaka 2017, na wenzake wakajitokeza mmoja baada ya mwingine. Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, aliomba radhi Nuuk, mji mkuu wa Greenland, mwezi Septemba 2025, mbele yao. Miaka hamsini na zaidi! Kuna waliokwenda kaburini wakidhani Mungu ndiye aliyewanyima watoto.

Hapa Kanada hata majina yaliguswa. Kuanzia miaka ya 1940 kila Muinuiti alipewa kisahani cha duara chenye tundu la kamba, upande mmoja alama ya taji, upande wa pili namba ya kumtambulisha. Na hawa ni watu ambao mtoto hurithi jina la marehemu, bila kujali ni wa kike au wa kiume, na hurithi nalo heshima. Mama anaweza kumwita binti yake "baba", kwa sababu amebeba jina la babu. Tuliposikia hivyo tulitazamana, maana ndivyo tunavyofanya na sisi kwa somo wa wazazi wetu. Sasa mtoto kama huyo unampaje namba?

Ukatili wa majumbani upo, na hatutauficha. Ripoti ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu wanawake na wasichana wa asili waliouawa na waliopotea ilitoka Juni 2019 ikiwa na madai 231 ya haki. Sisi tunaloliona ni hili: Nunavut, eneo la Wainuiti huko Kaskazini ya Kanada, ina vijiji 25, na hakuna barabara inayotoka kijiji kimoja kwenda kingine. Anayepigwa usiku atakimbilia wapi bila tiketi ya ndege? Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuiti wanaoishi katika ardhi yao wamebanana katika nyumba zisizotosha. Hata kwa shangazi hakuna pa kulala.

Tena waliwahi kukaribia jambo kubwa. Mwezi Mei 1997, kabla Nunavut haijaanzishwa, wananchi walipigia kura pendekezo kwamba kila jimbo la uchaguzi lichague wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Asilimia 57 walikataa, na waliopinga hawakuwa wanaume peke yao. Bunge la kwanza lilipochaguliwa mwaka 1999, kati ya wabunge 19 mwanamke alikuwa mmoja. Sisi tungelipigia kura ya ndiyo, lakini uamuzi ulikuwa wao.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya.

Tunaomba utufikishe kwa Pauktuutit, chama cha wanawake wa Kiinuiti kilichoanzishwa mwaka 1984 na chenye ofisi hapa Ottawa, tuwasikilize kwanza. Hatutaki kuwa wageni wengine wanaokuja na majibu mfukoni.

Tunaomba uongee na wakuu wa hospitali kuhusu wakalimani wa Inuktitut. Sisi tulipofika tulipatiwa mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Hawa wako katika nchi yao.

La mwisho, tufundishe kumsindikiza mzazi wa kule: anachokula, anachokatazwa, na lini tunyamaze. Wanachama kumi na wawili wameshajiandikisha kukaa zamu, na uji tunaujua kupika.

Tunaomba kuwasilisha.