Pengo la bei Busia huanzia kwenye turubai

Ndugu Mhariri,

Kila mavuno yakifika lawama ni ileile: Wakenya wananunua mahindi yetu ya Uganda kwa bei ya kutupa na kuyauza ghali ng'ambo. Kenya inatuzidi kipato, kwa hiyo lawama hiyo huaminika upesi. Lakini sehemu kubwa ya pengo la bei pale Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, ni maji tu ndani ya punje.

Mahindi ya msimu wa kwanza huvunwa Busoga, mashariki mwa Uganda, mvua haijakatika vizuri. Karo inadaiwa, basi mkulima huuza yakiwa na unyevu wa asilimia 18 hadi 20. Soko rasmi halitaki yazidi 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 20 likikaushwa hadi hapo hubaki kilo 92 na nusu. Dalali anaijua hesabu hiyo, naye hukata zaidi ya kilo saba na nusu, maana kuanika pamoja na hatari ya kuvu vinamwangukia yeye.

Kuvu ndiyo iliyotufungia njia Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, mojawapo cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kusaga hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Tena haienei sawasawa: punje chache zilizooza zaweza kuharibu shehena nzima, ndiyo maana kiganja kimoja kutoka gunia la juu hudanganya. Pitisha bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje guniani, kwenye magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, changanya, saga, ndipo upime.

Anika juu ya turubai, si udongoni, tabaka lisizidi sentimita 5. Geuza mara kwa mara, funika kabla ya umande. Kupura kwa fimbo hupasua punje, na kuvu hupenya kwenye ufa. Asiye na kipima unyevu atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, atikise, angoje dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15. Isipoganda, asikimbilie kushona gunia: kati ya 15 na 13.5 bado kuna jua la kuanikia.

Wachuuzi wadogo nao wana shida yao. Cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha zisizozidi dola 2,000, hutolewa mpakani na huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea, na hapo ndipo wengi hurudishwa. Wakishapandisha magunia kwenye bodaboda (neno lenyewe ni mzaliwa wa mpaka huu) na kushika njia za panya, bei anaipanga mnunuzi, kwani mzigo usio na karatasi haurudi nyumbani.

Wilaya zinazojenga masoko mapya mpakani zingeanza na kipima unyevu na kikaushio katika kila gombolola (kata ndani ya wilaya), kipimo kikae kabla ya mizani ya dalali, mkulima akisoma namba mwenyewe.

Wafuatiliaji wa biashara ya nafaka,
Busia, Uganda