Majina ya Kuongeza Kwenye Daftari la Baba

Uingereza, Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Mama na wote hapo nyumbani. Najua macho yako hayakuruhusu tena kusoma mwandiko mdogo, kwa hiyo namwomba mdogo wangu akusomee polepole, na kila akifika kwenye jina asimame akungoje. Lile daftari lako la mbio za magari, unaloandika majina ya waliofariki, uwe nalo mapajani.

Juzi kwenye simu ulisema neno ambalo limenikaa moyoni. Ulisema watu wa mbio wanakwisha, kila nikipiga nakuletea msiba mwingine, na kwamba umechoka kuandika. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Sasa nimelipata, ila ni refu mno kwa simu.

Fungua kwanza kurasa za mwanzo, zile ulizoandika ukiwa kijana, halafu sikiliza ile safu ya umri. Jim Clark, 1968, miaka 32. Bruce McLaren, Juni 1970, miaka 32. Piers Courage, hazikutimia hata wiki tatu, miaka 28. Jochen Rindt, Septemba ya mwaka huohuo, miaka 28, akatawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzifikia pointi zake. Roger Williamson, 1973, miaka 25. François Cevert, mwaka huohuo, miaka 29. Tom Pryce, 1977, miaka 27. Ukurasa mzima, hakuna aliyefika arobaini.

Sasa njoo kwenye majina niliyokuwa nakutajia miaka hii ya karibuni, ambayo mengine hukuyaandika.

Stirling Moss alifariki Aprili 12, 2020. Weka umri: miaka 90. Siku hizo tulikuwa tumefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, na nilikusomea habari zake kwenye simu mpaka salio likakatika, kwa hiyo kisa cha Ureno sikukimaliza. Ni hivi. Mwaka 1958 Moss alishinda mbio za Porto, na mpinzani wake Mike Hawthorn akawa wa pili. Katika mzunguko wa mwisho gari la Hawthorn lilikuwa limezunguka na kuzima, naye akaliwasha kwa kulisukuma kwenda kinyume na mwelekeo wa mbio. Waamuzi wakataka kumfuta. Moss ndiye aliyekwenda mbele yao kumtetea: alimwona, na gari lilikuwa pembeni, si ndani ya njia ya mbio. Wakamwachia Hawthorn pointi zake. Mwisho wa msimu Hawthorn alikuwa na pointi 42, Moss 41. Moss alishinda mbio nne mwaka ule, Hawthorn moja tu, na ubingwa ukaenda kwa Hawthorn. Moss hakuupata kamwe maisha yake yote, ingawa alishinda mbio 16 za ubingwa wa dunia. Na Hawthorn? Aliacha mbio, na Januari 1959 akafa kwa ajali ya barabarani akiwa na miaka 29. Kila nikikifikiria kisa hiki naona Moss alitoa kitu ambacho wengine wangekidai mahakamani, tena alikitoa bila kujua mwenzake amebakiwa na miezi mitano tu ya kuishi.

Baada ya Moss andika Tony Brooks, Mei 3, 2022, yeye pia miaka 90. Hawa wawili uwaweke pamoja, kwa sababu mwaka 1957 pale Aintree waliendesha gari moja, Vanwall. Brooks alikuwa bado anauguza majeraha ya Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, akamwachia Moss usukani katikati ya mbio, na wakashinda. Lilikuwa gari la kwanza la Uingereza kushinda mbio za ubingwa wa dunia.

Brooks alisomea udaktari wa meno, na watu wengi hata huku hawamkumbuki. Mimi nikiulizwa, namweka juu ya wengi wenye mataji. Mwaka 1956 kule Silverstone kanyagio la mafuta la gari lake lilikwama, gari likamrusha nje, likaungua. Mwaka uliofuata likawa lile la Le Mans, gari likambinukia. Alikuwa mtu wa dini aliyeamini uhai ni amana, na baada ya ajali hizo mbili alijiwekea ahadi: hataendesha tena kwa kasi ya mbio gari ambalo hana uhakika nalo. Desemba 1959, huko Sebring, Marekani, alikuwa mmoja wa watu watatu waliokuwa na nafasi ya kuwa bingwa. Mwanzoni tu mwa mbio dereva mwenzake wa Ferrari akamgonga kwa nyuma. Brooks akaingia kwa mafundi walikague gari. Halikuwa na kitu. Akarudi njiani, muda umekwenda, akamaliza wa tatu, na ubingwa ukachukuliwa na Jack Brabham. Nadhani ile dakika aliyosimama pale ndiyo iliyompa miaka 90, na kwa hesabu zangu hakupoteza chochote.

Hannu Mikkola ni wako, sina la kukufundisha. Alifariki Februari 2021, miaka 78. Nakumbuka ulivyotusimulia ulivyosimama kando ya barabara ya vumbi mwaka 1972, Ford Escort ikapita ukaisikia kabla hujaiona. Tangu mbio za Safari Rally zianze mwaka 1953 wenyeji pekee ndio waliokuwa wakishinda, na watu walikuwa wakisema mgeni hataweza kamwe kuyamudu matope na mawe yale. Mikkola na msoma ramani wake Gunnar Palm ndio walioivunja kauli hiyo. Ulitusimulia kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeibiwa, kisha ukaongeza kwamba dereva mzuri hana kwao. Mwaka 1983 akawa bingwa wa dunia kwa Audi Quattro, na ushindi wake wa mwisho kwenye ubingwa wa dunia ulikuwa uleule wa Safari, mwaka 1987. Mpe mstari mzima, usibane maandishi.

Murray Walker, mtangazaji, Machi 13, 2021, miaka 97. Ile sauti iliyopanda juu kama mtu anayeona nyumba ikiungua, ndiyo yeye. Alianza kutangaza mbio 1949. Damon Hill alipotwaa ubingwa 1996, Walker alilazimika kunyamaza hewani kwa kuwa koo lilimkaba. Alikuwa amemjua Hill tangu enzi za baba yake.

Siku tatu baadaye akafa Sabine Schmitz, na hapa safu ya umri inauma: miaka 51, saratani. Baba, huyu mama tumkumbuke vizuri. Nürburgring ya kaskazini, huko Ujerumani, ni njia ya karibu kilomita 21 inayopanda na kushuka msituni, yenye kona nyingi, na vipande vyake vina majina. Sabine alikulia pale pale, kwenye hoteli ya wazazi wake. Mwaka 1996 na 1997 alishinda mbio za saa 24 za hapo akiwa na BMW M3, mwanamke wa kwanza kuzishinda. Halafu miaka mingi akawa anapakia abiria kwenye gari la BMW na kuwazungusha njia hiyo, anaongea na kucheka huku matairi yanalia. Baada ya kifo chake kona ya kwanza ya njia ile wakaipa jina lake.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyomuunguza Niki Lauda, Agosti 1, 1976. Jina la Lauda uliliandika mwenyewe Mei 2019, miaka 70, na mwandiko ulikuwa bado wako wa zamani. Madereva wenzake ndio waliomtoa kwenye moto, kasisi akamsomea sala za mwisho hospitalini, na wiki sita baadaye alikuwa kwenye mbio za Monza, Italia, bandeji zinavuja damu, akamaliza wa nne. Ulikuwa ukitueleza kisa cha Monza kila mtoto alipotaka kulala nyumbani kwa kisingizio cha mafua. Lakini ukubwani mimi navutiwa zaidi na siku ya mbio za Fuji, Japani, mwaka uleule, alipoingia na gari kwa mafundi baada ya mizunguko miwili kwa sababu mvua ilikuwa ya kuua, akijua ubingwa unaweza kwenda kwa James Hunt. Ulikwenda kweli, kwa pointi moja. Alikuwa amefanya hesabu ileile ya Brooks.

Safu ya umri haikubadilika yenyewe. Andika jina ambalo huenda hujawahi kulisikia: Charlie Whiting, Machi 14, 2019, miaka 66. Alikuwa mkurugenzi wa mbio za Formula 1, yaani zile za ubingwa wa dunia wa akina Moss na Lauda, na alifia Melbourne siku tatu kabla ya mbio za kwanza za msimu. Ni mmoja wa waliosimamia hadi magari yakawekewa kile chuma kinachozunguka juu ya kichwa cha dereva, wanachokiita halo. Kilianza 2018, na wengi walikichukia. Lauda mwenyewe hakukipenda. Novemba 2020 huko Bahrain gari la Romain Grosjean lilipasua ukuta wa chuma, likakatika vipande viwili, likawaka. Alikaa ndani ya moto sekunde 28, kisha akatoka kwa miguu yake. Kile chuma ndicho kilichouzuia ukuta usimfikie kichwani. Whiting hakuwapo kuona.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yameshika nusu zote mbili za daftari lako. Frank Williams, Novemba 28, 2021, miaka 79. Yule Piers Courage wa ukurasa wa kwanza alikuwa dereva wake na rafiki yake, na ndani ya gari la timu yake ndimo alimofia. Frank aliendelea. Machi 1986 alipata ajali akiwa kwenye gari la kukodi huko Ufaransa, akapooza, akaishi kwenye kiti cha magurudumu miaka 35. Timu yake ikachukua ubingwa wa watengenezaji mwaka huohuo, na ikaufikisha mara tisa. Mei 1, 1994 akamzika dereva mwingine, Ayrton Senna, miaka 34. Unanisahihisha, najua: alifariki siku hiyo, mazishi yalikuja baadaye. Sawa. Kwa miaka mingi baada ya hapo magari ya Williams yalibeba alama ndogo ya Senna, na mimi nikiona picha zake naitafuta kwanza kabla ya kitu kingine.

Sitakudanganya kwamba kifo cha ujana kimeisha njiani. Anthoine Hubert, njia ya mbio ya Spa huko Ubelgiji, Agosti 31, 2019, miaka 22. Dilano van 't Hoff, Spa hiyohiyo, kwenye mvua, Julai 1, 2023, miaka 18. Craig Breen wa Ireland, dereva wa rali, Aprili 13, 2023, akiwa kwenye majaribio kabla ya mbio za Kroatia, miaka 33. Breen alimpoteza msoma ramani wake Gareth Roberts kwenye mbio za mwaka 2012, akarudi, akaendesha miaka kumi na zaidi akiwa na huzuni hiyo. Hawa watatu waandikwe kwa kalamu nyekundu, kama ulivyofanya kwa wale wa zamani. Lakini mwambie mdogo wangu ahesabu: zamani nyekundu ilijaza ukurasa kwa miaka miwili mitatu.

Jochen Mass naye ametutoka mwezi uliopita, Mei 4, miaka 78, mshindi wa Le Mans 1989.

Nimemwacha Eddie Jordan mwisho makusudi. Machi 20 mwaka huu, Cape Town, miaka 76. Ndiye aliyempa Michael Schumacher gari la kwanza la Formula 1, Spa 1991, na miaka saba baadaye timu yake ndogo ikashinda hapohapo Spa kwa mikono ya Damon Hill. Lakini si kwa ajili ya hayo nimemweka hapa. Desemba iliyopita alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya kibofu na tezi dume, iliyosambaa mpaka kwenye uti wa mgongo, na akawasihi wanaume wengine waende wakapime, wasichelewe. Alikuwa mtu wa vicheko na kelele, na alilisema hilo kwa uwazi uleule.

Baba, wewe una miaka 75. Mama aliniambia unaamka usiku mara nne, na kwamba ukiulizwa unasema ni chai. Nimetuma pesa ya kipimo kwa mdogo wangu, na yeye atakwenda na wewe. Usiseme foleni ni ndefu. Andikeni tarehe ya kwenda hospitali nyuma ya daftari, kisha mnipigie siku hiyohiyo jioni, nitakuwa nimeshatoka kazini.

Mwanao akupendaye.